Nyayo za Kaboni: Jina na Kipimo Chake

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo ujenzi na tabianchi, istilahi "nyayo za kaboni" imekwisha kuenea. Kusudi la makala haya ni kulilinganisha jina hilo na kipimo chenyewe, kwa mfano wa kuta za Ndama, wilayani Karagwe, mkoani Kagera.

Kwanza yafaa tufahamu kinachopimwa. Ni uzito wa hewaukaa iingiayo angani tangu malighafi ichimbwe, ichomwe na kusafirishwa, hata ifike mahali pa kujengea. Ila vifaa vyote havitoi hewa hiyo kwa njia moja. Ukuta wa miti na udongo hauhitaji tanuru. Tofali la kuchoma huihitaji, na hewaukaa yake hutokana hasa na kuni. Saruji ina jambo la ziada: mbali na moto wa kiwandani, jiwe la chokaa lenyewe huitoa. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa barabara hubakiza kilo 56 za chokaa, na kilo 44 huondoka kuwa hewaukaa. Tena saruji itokayo Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 ndipo ifike Karagwe.

Sasa tulitazame jina. Lina kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya maana. Katika Kiswahili nyayo hufuatwa, na kuzifuata ni sifa. Rais Daniel arap Moi wa Kenya, aliyeshika madaraka mwaka 1978, alilifanya neno "Nyayo" kuwa wito wa utawala wake, maana yake kumfuata mtangulizi wake, Jomo Kenyatta. Kumwambia mtu apunguze nyayo ni kumtatiza.

Ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa yaharibu hesabu. Kaboni si hewaukaa: kilo 12 za kaboni zikiungua zote hutoa kilo 44 za hewaukaa. Kilo 100 za kuni kavu zina kaboni ipatayo kilo 50, nayo ni sawa na hewaukaa ipatayo kilo 183. Basi mtu akiandika "50" kwa kuni, akihesabu kaboni, na "44" kwa jiwe la chokaa, akihesabu hewaukaa, msomaji atadhani vinakaribiana, hali kimoja chazidi kingine zaidi ya mara nne. Wala hesabu ya kuni haitimii bila kueleza kama miti imepandwa badala ya ile iliyokatwa, kwa sababu mti ukuao huivuta tena hewa hiyo.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "hesabu ya hewaukaa". Neno hewaukaa lina udugu na makaa, hata fundi wa tanuru huweza kulikisia. Na hesabu ni kitu kinachoweza kukaguliwa. Kila tarakimu na itaje ni uzito wa nini, wa kiasi gani cha kifaa, na safari yake imehesabiwa toka wapi hata wapi. Pasipo hayo, atakayechagua baina ya tofali na saruji atachagua kwa jina, wala si kwa kipimo.