Mahindi Mengi, Chakula Kidogo: Sera ya Kilimo na Maisha Yetu Ufipa



Ndugu mwanafunzi, kila mwaka baada ya mavuno tunaliona jambo lile lile hapa Mwimbi. Mahindi hayajamaliza kupukuchuliwa, wanunuzi wameshafika na malori. Mzazi anauza kwa bei anayopewa, kwani deni la mbolea na sare za shule havingoji. Ikifika Januari, mzazi huyo huyo yuko sokoni ananunua debe kwa bei ya juu. Je, kwa nini mkoa unaolisha wengine uwe na nyumba zenye njaa? Sehemu ya jibu imo katika sera ya kilimo, yaani maamuzi ya serikali kuhusu bei, pembejeo, ghala na mpaka.

1. Bei

Wazee wetu walitegemea ulezi na maharage, wakilima kwa ntumba, matuta ya kufukia majani ili yaoze yawe mbolea. Mahindi yalipata nguvu miaka ya 1970, serikali ilipoweka bei moja nchi nzima na Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) likawa mnunuzi. Mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam. Ndipo Rukwa, Iringa, Mbeya na Ruvuma zikajulikana kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Lakini gharama ya usafiri haikupotea. Ilibebwa na shirika, nalo likaelemewa na madeni. Kuanzia miaka ya 1980 biashara ililegezwa. Mkulima akawa huru kumuuzia amtakaye, ila umbali wa soko ukawa mzigo wake mwenyewe.

2. Pembejeo

Ruzuku ya mbolea iliondolewa katika miaka ya 1990, ikarudi miaka ya 2000. Msimu wa 2008/09 zilisambaa vocha za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja. Mbolea ilipopanda sana duniani, msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ulianza kuuzwa kwa shilingi 70,000 kwa ruzuku ya serikali. Ruzuku husaidia, lakini mbolea ikichelewa kufika, mvua haimngoji mkulima.

3. Ghala

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulianza kazi mwaka 2008, na Sumbawanga ni moja ya kanda zake. Hununua mahindi wakati wa mavuno na kuyatoa wakati wa upungufu. Hekima hii tunaijua katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.): miaka ya neema iliandaa miaka ya ukame. Wakala ukianza kununua mapema, bei ya shambani hushikilia. Ukichelewa, aliyebanwa na shida huwa ameshauza.

4. Mpaka

Sisi tuko karibu na Zambia, na mahindi yetu hutafutwa hadi Kongo na Kenya. Juni 2017, siku ya Idd el Fitr, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku ya kuuza mahindi nje. Nia ilikuwa chakula kisipungue nchini. Mlaji wa mjini alipata nafuu, lakini huku kwetu mahindi yalikosa soko na bei ikaanguka. Marufuku iliondolewa baadaye, hasara ikabaki. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti.

Nani abebe mzigo?

Unga ukiwa rahisi kwa kumnyima mkulima bei, mwakani atapunguza shamba, na unga utapanda tena. Bei zilipopanda Madina, Masahaba walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Hakukubali, akichelea kumdhulumu mtu katika damu au mali. Lakini alikataza ihtikari, yaani kuficha chakula ili kipande bei. Basi mkulima asidhulumiwe, na mlaji asinyonywe. Njia iliyo karibu na uadilifu huu ni ghala linalonunua mapema na mpaka usiofungwa ghafla.

Nasi nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tupige hesabu kabla ya kuuza. Nyumba inayokula kilo 2 za dona kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani magunia zaidi ya saba ya kilo 100. Hayo yawekwe kando, yakauke vizuri yasiote kuvu. Pili, tukatae lumbesa. Tuuze kwa mizani. Tatu, tusidhani mahindi pekee ni chakula. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, na mtoto hakui! Maharage, mayai, dagaa na mboga visiuzwe vyote sokoni.

Ndugu mwanafunzi, sera hupangwa mbali, lakini kalamu na daftari la hesabu viko mkononi mwako. Jioni ya leo kaa na wazazi, mhesabu magunia pamoja kabla lori halijafika.