Nguo Zilizomfunza Matisse

Henri Matisse alizaliwa mwaka 1869 kaskazini mwa Ufaransa, akakulia Bohain, mji wa wafumaji wa hariri na mahameli. Baba yake aliuza mbegu na nafaka, lakini ukoo ulikuwa wa wafumaji. Hata alipokuwa mchoraji kijana asiye na fedha mjini Paris, hakuacha kununua vipande vya nguo kuukuu. Baadaye yakaongezeka mazulia ya Algeria na mapazia ya Moroko. Mkusanyo huo aliuita maktaba yake ya kazi.

Wengi husema alichopenda ni rangi. Ni kweli, ila kuna kubwa zaidi. Kwa karne kadhaa wachoraji wa Ulaya walifundishwa kuipa picha kina: kilicho mbali kiwe kidogo, kivuli kitoe umbo. Nguo ilimfunza Matisse vingine: haijui mbele wala nyuma. Ua la pembeni ni sawa na la katikati.

Tazama “Chumba Chekundu” ya mwaka 1908, iliyopo jumba la Hermitage, Saint Petersburg. Mwanamke anapanga matunda mezani. Mapambo ya kitambaa cha meza, vikapu vya maua na matawi yanayojipinda, yanapanda mpaka ukutani. Meza na ukuta vina wekundu uleule, vimetengwa na mstari mwembamba tu. Kitambaa chenyewe, ambacho Matisse alikuwa nacho studioni, kilikuwa cha buluu na cheupe. Tajiri wa Moscow, Sergei Shchukin, aliinunua picha ikiwa ya buluu. Matisse akaipaka nyekundu kabla ya kuikabidhi. Mnunuzi wa leo angeita wakili.

Picha za wanawake alizochora Nice miaka ya 1920 zimejaa mapazia na mazulia, kwangu mimi kupita kiasi. Nguvu ilirudi uzeeni. Baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941 alishika mkasi, akawa anakata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi. Miongoni mwa nguo alizotundika ukutani zilikuwamo za kabila la Wakuba wa Kasai, Kongo. Wanaume wao hufuma nyuzi za mti wa mwale. Wanawake hutarizi juu yake mistari na pembe zinazogeuka ghafla, bila kurudia kipimo kimoja. Karatasi za Matisse nazo zina mdundo huohuo uliokatika.

Mwaka 2005 Royal Academy ya London ilionyesha picha zake pamoja na nguo zake. Makumbusho mengine yafanye vivyo hivyo, na kibaoni yawataje wanawake wa Kikuba.