Jina la Faili Nalo ni Amana



Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani, simu mkononi na huzuni usoni. Mwanawe alikuwa akiomba msaada wa karo ya chuo, na mlango wa maombi ulikuwa ufungwe usiku uo huo. Kila alipojaribu kutuma nakala ya cheti cha kuzaliwa kupitia mtandao, ilikataliwa pasi na sababu ya kueleweka. Tulilifungua faili, tukaliona zima. Ila jina lake lilikuwa: "Cheti cha mwanangu #2 (mpya!).pdf". Binti yetu akalibadilisha likawa "cheti_kuzaliwa_2.pdf", na papo hapo likapokewa.

"Sheikh," akatuuliza, "nafasi tupu na vialama viwili vitatu, ndivyo vya kumkosesha mtoto chuo?"

Tukamjibu, "Yawezekana, dada yangu."

Sisi tuliosoma madrasa hatupaswi kulistaajabia jambo hili. Ba, ta na tha ni umbo moja, zatofautishwa na nukta tu. Nukta ikihama, neno limegeuka. Kompyuta nayo husoma hivyo hivyo, tena haina huruma ya kukisia mwandishi alikusudia nini.

Mitambo mingi iliyo nyuma ya tovuti huendeshwa kwa amri za maandishi, na humo nafasi tupu ndiyo mpaka baina ya jina na jina. Faili liitwalo "wasia wa babu.pdf" laweza kudhaniwa ni mafaili matatu: "wasia", "wa" na "babu.pdf". Katika anwani za intaneti nafasi hairuhusiwi kabisa. Mahali pake huwekwa %20, na jina likawa halisomeki. Alama ya # ina kazi yake humo: huonyesha sehemu ya ukurasa, na kiifuatacho hakipelekwi kwa mtambo unaoombwa faili. Alama ya kuuliza nayo huanzisha maswali kwa mtambo. Windows, kwa upande wake, imezikataza alama 9 katika majina, zikiwemo mkwaju, nukta mbili, kinyota na alama ya kuuliza. Mifumo mingine huziruhusu baadhi yake, ndipo faili lililokaa salama kwenye chombo kimoja likakataa kuhamia kingine.

Wazee wa kompyuta watakumbuka kwamba zama za DOS jina lilikuwa na herufi 8 tu, na 3 baada ya nukta. Windows 95 ilileta uhuru wa majina marefu yenye nafasi. Uhuru ulikuja, lakini si mitambo yote iliyoupokea kwa namna moja.

Basi tufanyeje? Tutumie herufi za kawaida, tarakimu, na kistari pale ambapo tungeacha nafasi. Tuandike kwa herufi ndogo, kwani kwa baadhi ya mitambo "Cheti" na "cheti" ni vitu viwili. Ritifaa tuiache: "ng'ombe" iwe "ngombe". Maandishi ya Kiarabu yabaki ndani ya waraka. Jina la nje liwe la herufi za Kilatini. Tarehe ianze na mwaka, mfano 2025-03-09, ili nyaraka zijipange zenyewe. Wenye kurekodi darsa za Ramadhani waandike 01, 02 hadi 30. Pasipo sifuri hiyo, vyombo vingi huitanguliza darsa ya 10 mbele ya darsa ya 2. Na anayebadilisha jina asiziguse herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho, kwani hizo ndizo huiambia kompyuta ni faili la aina gani.

Mtoto wetu humchagulia jina jema siku ya saba, kwa kuwa ataitwa kwalo maisha yake yote. Hati ya shamba, cheti cha ndoa na daftari la madeni tuliyoyahifadhi simuni navyo vitatafutwa kwa majina yavyo, pengine na mayatima wetu, siku ambayo sisi hatupo kuwaonyesha. Atakayekuta "mpya mpya kabisa (3)" atajuaje kuwa ndiyo hati ya nyumba?

Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, mama na aketi na wanawe, wafungue simu, wazipe nyaraka kumi za mwanzo majina yanayostahiki. Karatasi za asili zibaki kabatini zilipo.

Wabillahi tawfiq.