Tasa kwa Tasa Kijiweni

Oya wanangu, mchana wa Omurushaka abiria hamna, bando limekata, utafanyaje? Sisi kijiwe chetu tunasoma pleti za pikipiki. Toa MC, toa herufi, baki na zile tarakimu tatu. Zikate vipande: kila kipande kiwe namba tasa, na zikiungana nazo ziwe tasa. Ukipatia unakula senene za bure. Ukizingua, unanunua wewe.

Kinachonichekesha ni hilo jina. Ticha wa msingi alitwambia haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, basi ikaitwa tasa. Sasa chukua 2, ibandike 3 ubavuni: 23, tasa mpya. 3 na 7 zinatoa 37, geuza, 73. 11 na 3 vilevile, 113 na 311. Tasa gani hizi zenye watoto kiasi hiki?

Ila usijimwambafai. Juzi imepita boda ya Nkwenda, 711. Nikaona 7, nikaona 11, nikaropoka "imo!" Dogo muuza ndizi hata kichwa hakuinua: "Braza, 7 na 1 na 1 ni 9. Inagawanyika kwa 3." Nikaliwa mfuko mzima.

Siku nyingine tukaunga tasa kwa foleni. 23 freshi, 235 imekufa, 2357 ikasimama. Ongeza 11 upate 235711: 7 inaingia humo mara 33,673. Chali. Foleni hiyo haitoi tasa tena mpaka ifike 719, na hapo namba ina tarakimu 355. Pleti ya hivyo labda ifungwe kwenye fuso.

Halafu ikaja yenyewe, chuma cha Murongo, vumbi mpaka kwenye taa, mkungu wa ndizi nyuma: 373. Tukakata: 3, 7, 3, 37, 73. Zote tasa! Nzima je? Tukaigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, ikagoma. 19 mara 19 ni 361, zinabaki 12. 23 hatukuhangaika nayo, maana 23 mara 23 imeshaipita. Tasa kinoma. Na duniani hakuna kubwa kuliko hiyo ambayo kila kipande chake ni tasa.

Mwana wa MC 373, ukipita tena Omurushaka, simama. Senene zako tumekuwekea.