Watu wanne, zawadi tatu

Mezani wamebaki wanne. Walianza kumi, kila mmoja akatoa dola 10 na kupewa chipu 1,500. Zawadi ni tatu: wa kwanza dola 50, wa pili 30, wa tatu 20. Wa nne anaondoka mikono mitupu. Imetokea kwamba wote wana chipu sawasawa, 3,750 kila mtu. Mmoja anasukuma zake zote katikati ya meza, wawili wanatupa karata, zamu inakufikia wewe. Unachungulia: ree ya kopa na mzungu wa nne wa shupaza, au mfalme, kama ndivyo ulivyozoea kumwita. Unaitikia au unatupa?

Mchezo ni poka, ule wa karata mbili za siri kwa kila mchezaji na tano za wazi kwa wote. (Kiswahili kilikuwa na neno hilo zamani: kupoka ni kunyang'anya. Sijui jina linalofaa zaidi.) Wengi watajibu upesi: nikiwa na nafasi inayozidi nusu, naingia. Wangekuwa sahihi kama chipu zingekuwa fedha. Lakini katika mashindano huruhusiwi kuinuka na chipu zako ukazibadilishe dirishani. Zinakununulia nafasi ya kumaliza wa kwanza, wa pili au wa tatu, basi.

Nafasi hiyo ina thamani gani? Jibu lilianzia kwa farasi. Mwaka 1973 mtakwimu wa Marekani, David Harville, alichapisha makala kuhusu mbio. Tukijua uwezekano wa kila farasi kuwa wa kwanza, aliuliza, tutajuaje uwezekano wake wa kuwa wa pili au wa tatu? Njia yake ni nyepesi kushangaza: mwondoe mshindi uwanjani, kisha wagawie waliobaki nafasi ya pili kwa uwiano wa nguvu zao, na uendelee hivyo hivyo. Katika miaka ya 1980 Mason Malmuth, mwandishi wa vitabu vya kamari, aliipeleka hesabu hiyo kwenye meza ya karata. Chipu zikachukua mahali pa nguvu za farasi. Wachezaji leo huiita ICM.

Turudi kwenye meza yetu. Wanne wenye chipu sawa wanagawana dola 100 za zawadi, kwa hiyo kiti chako kina thamani ya dola 25. Ukiitikia na kushindwa, unapata sifuri. Ukishinda, unabaki na chipu 7,500 dhidi ya wawili wenye 3,750 kila mmoja. Chipu zimekuwa mara mbili. Fedha je? Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni nusu, ya kuwa wa pili theluthi moja, ya kuwa wa tatu sehemu moja ya sita. Jumla yake ni dola 38 na senti 33. Umehatarisha 25 ili uongeze 13 na ushee. Ili biashara hiyo isikutie hasara, unahitaji kushinda mara 65 katika 100, wala si 50.

Na zile dola karibu 12 zilizopungua zimekwenda wapi? Kwa wale wawili waliotupa karata. Thamani ya kila mmoja wao imepanda kutoka 25 hadi karibu 31 bila kugusa chochote. Sisi tumezoea kusema kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ndizo zinazonenepa.

Sasa ree na mzungu wa nne. Dhidi ya karata zozote mbili zilizookotwa ovyo, hushinda kama mara 65 katika 100. Ndipo palepale kwenye ukingo. Dau la lazima lililokwisha kuwekwa mezani hukusaidia kidogo, lakini kama aliyesukuma anachagua karata zake, nafasi yako inashuka chini ya hapo. Dhidi ya mchezaji mwangalifu, tupa. Najua inauma. Yeye aliyesukuma ana njia mbili za kufaidika: wote mkitupa anazoa dau, mkiitikia huenda karata zake zikashinda. Mwitikiaji ana njia moja tu. Ndiyo maana ni busara kusukuma kwa karata ambazo ungezitupa kama mwenzako angetangulia kusukuma.

Kiwango hicho cha ushindi unaohitajika hakisimami mahali pamoja. Kwenye mkono wa kwanza, watu kumi wakiwa mezani, asilimia 54 zinatosha. Kinapanda hadi 65 mkibaki wanne. Mmoja akishatoka, dola 20 ni zako hata iweje, nacho kinashuka hadi 57. Mkibaki wawili, ni 50 kamili. Kasoro ya hesabu hii ni kwamba haimtambui mjuzi na mgeni, wala haijui ni nani dau la lazima litamfikia katika mkono unaofuata. Mwenye chipu chache zinazoliwa kila mzunguko hana anasa ya kusubiri.

Mwanahisabati Daniel Bernoulli aliliona jambo hili, kwamba kinachopotea huwa na uzito kuliko kiasi kilekile kinachopatikana, mwaka 1738, bila meza ya poka. Alitoa mfano wa mfanyabiashara wa Petersburg aliyeagiza bidhaa za rubo 10,000 kutoka Amsterdam, wakati meli 5 katika kila 100 zilikuwa zikizama. Bima iligharimu rubo 800, ingawa hasara ya wastani ni 500 tu. Bernoulli alikokotoa kwamba mtu asiye na angalau rubo 5,043 nyingine nyumbani afadhali alipe. Mwenye bodaboda moja na mwenye bodaboda hamsini hawawezi kuiangalia bima kwa jicho moja, na hakuna mwoga kati yao.

Kwenye poka nako kuna mashindano madogo ambayo zawadi yake ni tiketi ya kuingia makubwa. Chris Moneymaker alipita njia hiyo kwa kiingilio kisichofika dola 100, na mwaka 2003 akatwaa dola milioni 2.5 Las Vegas. Tuseme tiketi ni kumi na mmebaki kumi na mmoja, chipu sawa. Ukikaa kimya, nafasi yako ya kupata tiketi ni karibu asilimia 91. Ree mbili, mkono bora kuliko yote, hushinda mara 85 katika 100 dhidi ya karata zozote. Jirani akisukuma zote, ree zako mbili unazitupa.