Je, Wajua? Mashua ya Rimoti Kwenye Mawimbi ya Tana

Je, wajua kwamba mashua ya rimoti ilikuwepo kabla ya reli ya Mombasa kufika Kisumu? Nikola Tesla aliionyesha yake New York mwaka wa 1898. Garimoshi lilifika Kisumu mwaka wa 1901.

Je, wajua kwamba Embu haina bahari ila mawimbi inayo? Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika mwaka wa 1981 mpakani na Machakos, likijaa hufunika takriban kilomita 120 za mraba. Upepo ukivuka maji mengi yaliyo wazi, mawimbi hukua, kwa hivyo ufuo unaopigwa na upepo ndio mkali zaidi. Kule Meru, Ziwa Nkunga limejificha msituni. Wengi hulitukuza kama mahali patakatifu, na mimi ningeliacha bila injini.

Je, wajua kwamba wimbi la sentimita 20 kwa mashua ya sentimita 60 ni sawa na wimbi la mita 5 kwa jahazi la mita 15? Ndiyo maana nyufa nyingi huanzia omo, panapopigwa kwanza.

Kuna mashua zinazopinduka zikajiinua zenyewe. Upande mmoja una chumba chenye matundu: ikilala kifudifudi, maji hujaa humo, uzito huivuta upande huo na kuirudisha wima. Ikianza kwenda, maji yale hutoka.

Na mota? Nyingi hupozwa na maji yaleyale ya bwawa, yanayoingia kwa kijibomba karibu na usukani bila pampu yoyote. Tana hubeba matope mengi mekundu, na matope huziba kijibomba. Tazama ubavuni: mchirizi wa maji ukikatika, irudishe ufuoni mara moja.

Je, wajua kwamba fundi wa jua kali anayeunga bampa za matatu tayari ana dawa ya ufa? Toboa kishimo kidogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee kukimbia. Piga msasa upande wa ndani, futa vumbi na mafuta, kisha bandika kitambaa cha faiba kwa gundi ya epoksi. Baridi ya Julai pale Meru huchelewesha gundi kukauka, basi ipe muda, hata usiku mzima. Mashua ya plastiki ya ABS ina njia nyingine: vipande vya plastiki hiyohiyo huloweshwa kwenye asetoni hadi viwe uji mzito, ukapakwa penye ufa.

Mashua ikizimika katikati ya maji, usiogelee kuifuata, hata iwe ya bei gani! Kwenye bwawa la Kamburu, penye Hifadhi ya Mwea ambapo Mto Thiba hukutana na Tana, kuna mamba na viboko. Funga mpira wa tenisi kwenye uzi wa fimbo ya kuvulia, urushe upite mashua, kisha uvute taratibu.

Betri ya lithiamu iliyovimba baada ya kulowa haichajiwi tena. Itoe nje ya nyumba siku hiyohiyo.