Kirusi Hakisomi Bango la Nanyuki

Kikasha kilikuwa chembamba, kinatosha kalamu mbili, kimetoka kwenye jokofu na tayari kimeanza kutoa jasho. Sista wa kliniki alikigeuza mkononi ili dada yangu asome tarehe ya mwisho wa matumizi, kama wafanyavyo siku hizi ili pasiwe na lawama baadaye. Dada aliisoma, akaridhika, kisha macho yakateremka kwenye mstari wa chini yake. Palikuwa na mwaka, na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nusu ya kusini ya dunia.

"Sista, hii ya kusini ni ya Afrika Kusini?"

"Ya kusini kote, mama. Australia, Brazili, Afrika Kusini."

"Na sisi?"

Sista akacheka. "Sisi tuko katikati, mama. Tunachukua inayopatikana."

Ilikuwa Ramadhani, kaskazi inakata roho, na Mombasa inachemka kama chungu. Mtoto ana miezi minane. Mimi mjomba mtu nilikuwa nimebeba mkoba wa nepi, sina la kufanya ila kusikiliza, na jibu lile la sista sijaacha kulitafuna mpaka leo. Mabango yote ya chanjo ya mafua niliyowahi kuyaona yanazungumzia "msimu". Msimu wa nani?

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe, maana lugha yetu hapa imetuponza kidogo. Mafua kwetu ni kila kitu: pua inayochuruzika siku mbili, chafya za vumbi, na huo ugonjwa unaomlaza mtu mzima wiki nzima viungo vikimuuma kama aliyepigwa marungu. Kenya tumezidi, tunaita yote homa, ilhali ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga, Tanzania, homa ni joto la mwili. Mama anapoambiwa kuna chanjo ya mafua anashangaa, na ana haki. Nani achomwe sindano kwa kamasi? Chanjo hii haihusiki na kamasi za kawaida, ambazo zinaletwa na virusi vya kila namna. Inahusika na kirusi kimoja chenye koo chache, influenza, na hicho kwa mtoto mchanga hakina utani. Watafiti waliokusanya takwimu za dunia za mwaka 2018 walikadiria kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliugua influenza mara milioni 109 hivi mwaka huo, na kwamba vifo vya nimonia na magonjwa mengine ya mapafu vilivyotokana nayo vilifika hadi 34,800. Sehemu kubwa ya waliofia hospitalini walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati-chini, ambako oksijeni haipo kila wodi.

Sasa turudi kwenye msimu. Ulaya, Marekani na Japani, influenza huja na majira ya baridi na huondoka nayo. Hewa ikiwa baridi na kavu, kirusi hudumu zaidi nje ya mwili, na watu hujifungia ndani madirisha yamefungwa. Kwa sababu hiyo kiwanda kina ratiba. Kila Februari wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana kuchagua aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo ya baridi ijayo ya kaskazini, na kila Septemba hukutana tena kwa ajili ya kusini. Wanachagua kwa kutazama sampuli za pua na koo kutoka maabara za zaidi ya nchi mia moja, Kenya ikiwamo, mtandao ulioanza mwaka 1952. Kisha kazi inahamia kwa kuku. Chanjo nyingi bado zinaoteshwa ndani ya mayai yenye viinitete, kwa hesabu ya takriban yai moja kwa kila aina ya kirusi katika kila dozi, na tangu kuchagua mpaka kufunga kikasha huenda miezi sita. Katika miezi hiyo kirusi nacho hakikai. Miiba iliyo juu ya ganda lake, ambayo ndiyo kinga ya mwili hujifunza kuitambua, hubadilika kidogo kidogo kila kinapojinakili. Ndiyo maana chanjo ya mwaka juzi haitoshi leo, na ndiyo maana miaka mingine wataalamu hukisia vizuri na mingine hukosea.

Mpango huo ni mzuri kwa mwenye baridi ya theluji. Sisi tuna kaskazi, masika, kipupwe na vuli, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetia saini mkataba na influenza. Wachunguzi waliopitia rekodi za Kenya za kati ya 2007 na 2013 waliona kirusi kikizunguka mwaka mzima, kikipanda kwa wastani mara mbili: mara moja kuelekea Februari na Machi, mara nyingine kuanzia Julai kuelekea Novemba. Na nchi yenyewe imekatwa na ikweta. Pale Nanyuki kuna bango, na vijana wenye beseni wanaowaonyesha watalii jinsi maji yanavyozunguka huku kulia na kule kushoto. Ni mchezo wa mkono tu. Beseni halijui liko upande gani. Kirusi nacho hakijui. Mtoto wa Eldoret yuko nusu ya kaskazini ya dunia, wa Mombasa yuko nusu ya kusini, na wote wanaweza kupata influenza ileile wiki ileile kutoka kwa abiria wa basi moja la usiku.

Kwa hiyo anayepanga chanjo Kenya ana kitendawili ambacho mwenzake wa London hana. Achukue mchanganyiko upi, na aanze kuchoma mwezi gani? Kinga ya chanjo hii hupungua baada ya miezi kadhaa. Ukichoma mapema mno umeipoteza, ukichelewa kirusi kimeshapita na kichupa kinaharibika kwenye jokofu. Mimi naamini hapa ndipo penye ugumu, kuliko kwenye huo ukaidi wa akina mama unaosemwa kila kukicha kwenye warsha za hoteli.

Si kwamba hapajajaribiwa kitu. Kibera, Nairobi, na Lwak kule Nyanza, watoto walipewa chanjo ya influenza miaka mitatu kuanzia 2010, na kinga ikaonekana kuwa karibu nusu, ikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Nusu ni ndogo ukilinganisha na chanjo ya surua. Lakini kuwaepusha na influenza nusu ya watoto ambao wangeugua si kitu cha kubeza ukiwa umewahi kukesha kwenye wodi ambamo vitanda vinalaliwa na watoto wawili wawili. Mwaka 2016 jopo la kitaifa linaloishauri serikali kuhusu chanjo lilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe kila mwaka. Mpango wa majaribio ukafuata kati ya 2019 na 2021 katika kaunti mbili, Nakuru na Mombasa. Haujatulia, Machi 2020 korona ikaingia nchini, na kliniki zikawa mahali pa kuogopwa.

Korona ilifanya na jambo moja la ajabu. Barakoa na shule kufungwa viliibana influenza duniani kote, hata ukoo mmoja wa aina B, uitwao Yamagata, haujathibitishwa tena popote tangu Machi 2020. Chanjo zilizokuwa na aina nne zimerudi kuwa na tatu. Sikumbuki ugonjwa mwingine wa kibinadamu uliopoteza ukoo mzima kwa bahati tu.

Mpwa wangu ilibidi achomwe mara mbili, wiki nne kati yake. Watoto wa chini ya miaka tisa wanaoanza ndivyo wanavyofanyiwa. Kinga ya mtoto ni kama mlinzi mpya wa geti. Ukimwonyesha picha ya mwizi mara moja, anaikumbuka nusunusu. Mwonyeshe tena baada ya muda, hata mwizi akivaa kofia atamjua. Mtu mzima ameshakutana na influenza mara nyingi, mlinzi wake ni mzee wa kazi, dozi moja inamtosha. Walio chini ya miezi sita hawapewi chanjo hii kabisa, nao ndio walio hatarini zaidi. Wao hulindwa kwa kumchanja mama akiwa mjamzito, kingamwili zikapita kwenye kondo, na mtoto akazaliwa na akiba ya miezi ya mwanzo.

Kuna na upande mwingine wa habari hii ambao kwetu ungeeleweka haraka kuliko Ulaya, maana nyumba zetu bado zina bibi ndani. Japani ilianza kuchanja watoto wa shule kwa wingi mwaka 1962. Mwaka 1987 wazazi wakaruhusiwa kukataa, na 1994 mpango ukasimama. Watafiti walipokaa chini na rekodi za vifo, waliona vya wazee wakati wa baridi vilishuka miaka ile watoto walipokuwa wakichanjwa, na vikapanda tena baada ya kuacha. Hesabu yao ilikuwa kifo kimoja kuzuiwa kwa kila watoto 420 hivi waliochanjwa. Kupanda na kushuka kwa pamoja si ushahidi wa kutosha, lakini baadaye jaribio la Kanada liliziba pengo. Wahutterite ni Wakristo wanaoishi kijamaa mashambani, wanakula meza moja. Makazi yao mengine watoto walipewa chanjo ya influenza, mengine chanjo ya homa ya ini bila kuambiwa ni ipi. Katika makazi ya kundi la kwanza, wale ambao hawakuchomwa chochote walipata kinga ya asilimia 61.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaozitaja chanjo ya mafua na ya korona kwa pumzi moja linapokuja suala la watoto. Kirusi cha korona kiliwapitia watoto wengi kwa wepesi, na chanjo yake, iliyokuwa hodari wa kuzuia kulazwa na kufa, haikudumu sana katika kuzuia kuambukiza. Bibi halindwi kwa mkono wa mjukuu, achanjwe mwenyewe. Dozi ya Pfizer ya umri wa miaka 5 hadi 11 ilikuwa mikrogramu 10, thuluthi ya mtu mzima, na uvimbe wa misuli ya moyo, ambao ni nadra, ulionekana zaidi kwa wavulana wakubwa na vijana. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani liliwaweka watoto wenye afya kwenye kundi la mwisho kwa umuhimu, likisema wazi kwamba faida yake ni ndogo sana ukiilinganisha na chanjo za surua, rota na nimonia. Mtoto mwenye maradhi ya kudumu au kinga dhaifu ana hesabu yake, na mama mjamzito vilevile. Lakini mama wa Changamwe, Mombasa, aliyekosa nauli ya kurudi kwa surua ya miezi tisa asisumbuliwe kwanza na korona.

Influenza nayo kwa Kenya bado haimo kwenye ratiba ya bure. Anayeitaka huinunua kliniki ya kulipia, kama alivyofanya dada baada ya mtoto wake wa kwanza kulazwa na nimonia.

Sista alimaliza, akabandika pamba, akafungua kijitabu cha mama na mtoto. Kuna mstari wa polio, wa pepopunda, wa surua. Alitafuta wa mafua, hakuuona, akageuza kurasa mbili, kisha akaandika pembeni kwa kalamu ya buluu, herufi ndogo zikifuata ukingo wa karatasi.

"Wiki nne, mama. Usisahau, maana humu hakuna wa kukukumbusha."

Dada akahesabu kwa vidole juu ya mgongo wa mtoto. "Itakuwa baada ya Idi," akasema.